Mpangie Nafasi Ndege Atakayeshindwa

Mhadhara kwa wafugaji wa finchi na ndege wengine wadogo wa nyumbani

Asalaam aleikum, na habari za asubuhi kwenu nyote, wafugaji wenzangu. Nashukuru kwa mwaliko, na nashukuru zaidi kuona vijana wengi hapa, maana ufugaji huu kwa muda mrefu umekuwa wa wazee wachache wanaofundishana vibarazani.

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo kila mwenye tundu huuliza mapema au baadaye: nina jozi yangu ya finchi zebra, wale ndege wadogo wala mbegu, nimewaona Gouldian wazuri, finchi wa aina nyingine, kwa muuzaji, je, nikiwaweka tundu moja watapatana? Wengi hutaka nijibu ndiyo au la, kisha niwatajie wanaopatana na wasiopatana. Majina nitayataja, yana kazi yake. Lakini wapo watu walioyashika majina hayo barabara na bado wanaokota ndege waliokufa chini ya tundu. Kwa hiyo nataka kwanza tuelewane juu ya kile kinachowaua.

Tuanzie porini. Kiangazi kikishika, nenda kwenye dimbwi lolote nyika ya Dodoma au kule Tsavo, jua likianza kupanda. Utawaona mishigi, utawaona wale wa buluu ambao madume yao yana shavu jekundu, utawaona tongo, kwelea, fumbwe, wote wanashuka kunywa maji wamebanana. Mtu akiona hivyo husema, kumbe ndege hawa ni ndugu, nami nitawaweka pamoja. Lakini kaa pale utazame vizuri. Wanagombana. Kila mara yupo mmoja anayemfungulia mwenzake mdomo, anamsukuma, anamdonoa. Ugomvi huo unaisha papo hapo kwa sababu anayeshindwa huruka akaenda zake: tawi jingine, mti mwingine, dimbwi jingine. Mshindi hana haja ya kumfuata.

Sasa uhamishie ugomvi uleule ndani ya waya. Aliyeshindwa anaruka sentimita 80, anagonga ukuta wa tundu, anarudi palepale alipo mshindi wake. Na mshindi, kwa akili yake ya ndege, anaona mpinzani hajakubali kuondoka, kwa hiyo anampiga tena. Inakuwa hivyo kutwa nzima. Yule mnyonge hapati nafasi ya kula akashiba, usiku hapati kijiti cha kulala kwa amani, na baada ya siku kadhaa unamkuta amejikunyata sakafuni manyoya yamefura. Unasema ameugua. Pengine kweli ameugua, kwa sababu ndege aliyechoka na kushinda na njaa hana kinga. Ila ugonjwa ulikuja mwisho.

Kwa hiyo mimi siulizi tena kama aina fulani na fulani zinapatana. Nauliza: kwenye tundu hili, yule atakayeshindwa atakwenda wapi? Mfugaji mwenye jibu la swali hilo anaweza kuchanganya aina nyingi. Asiye na jibu, hata jozi mbili za aina moja zitamshinda.

Wanagombania nini hasa? Wengi hudhani chakula. Chakula ni sehemu ndogo, na ni rahisi kukitatua kwa kuongeza vyombo. Vita vikubwa ni vya kiota, na baada ya kiota ni vya kufanana. Hili la kufanana huwashangaza watu. Tunadhani wanaofanana ndio watakaopendana, na ndege wako kinyume kabisa. Ndege anamwona mpinzani wake halisi kwa yule mwenye rangi kama yake, wimbo kama wake, anayetaka jike kama lake na kiota kama chake. Wale wa buluu wa kwetu ndio mfano mzuri. Dume mwenye shavu jekundu anaweza kukaa na finchi wa kijani au wa kahawia asimjali hata kidogo, lakini ukimwekea dume mwingine wa buluu, hata wa aina tofauti, atamfukuza asubuhi mpaka jioni. Na yule mkubwa wao wa zambarau, ambaye wengi mnamjua kutoka nyika za Kenya na Tanzania, usimweke kamwe na ndugu zake hao wadogo. Ni jamaa moja kabisa, na hilo ndilo tatizo.

Gouldian wanatufundisha jambo hili hata ndani ya aina moja. Ni ndege wa kaskazini mwa Australia. Mtaalamu wa ndege John Gould aliwapa jina la mkewe Elizabeth, mchoraji wa ndege aliyefariki mwaka 1841. Wapo wenye kichwa cheusi, ambao porini ndio wengi, wapo wenye kichwa chekundu, na wachache sana wenye kichwa cha manjano. Watafiti Sarah Pryke na Simon Griffith walichapisha mwaka 2006 matokeo ya kuwapambanisha kwenye chakula: wenye kichwa chekundu huwashinda weusi. Mwaka uliofuata Pryke na wenzake walitoa jingine ambalo mimi naliona zito zaidi kwa sisi wafugaji. Wenye vichwa vyekundu wakizidi kwenye kundi, hao hao wababe ndio homoni zao za mfadhaiko hupanda na kinga yao ya mwili hushuka. Yaani tundu lililojaa washindani linamuumiza hata anayeshinda. Kwa hiyo ukienda kununua Gouldian, uzuri wa rangi nyekundu usikufanye ujaze tundu kwa vichwa vyekundu vitupu. Changanya, na weusi wawe wengi zaidi, kama ilivyo kwao.

Nije kwa finchi zebra, kwa kuwa ndiye aliye kwenye nyumba nyingi. Naye ni wa Australia. Nchi ile ilifunga biashara ya kusafirisha ndege wake wa porini mwaka 1960, kwa hiyo zebra na Gouldian mnaowaona madukani duniani kote ni vizazi vya ndege waliozaliwa tunduni. Ni ndege mdogo, kama gramu 12, na watu humdharau. Wanamwita ndege wa kuanzia. Mimi namheshimu sana: ni mgumu, anazaa kwa wepesi, anavumilia makosa mengi ya mfugaji. Lakini kwenye tundu la mchanganyiko huyu ndiye wa kuchunga kuliko wote, na sababu yake ni hiyohiyo ya kuzaa.

Kwao huko, zebra anaishi nchi kame. Mvua ikinyesha, nyasi zikatoa mbegu, lazima azae haraka kabla ukame haujarudi. Mwili wake umeumbwa kuwa tayari wakati wowote. Sasa wewe nyumbani kwako una maji kila siku, mbegu kila siku, joto la pwani mwaka mzima. Kwake yeye msimu wa mvua hauishi. Atajenga, atataga mayai manne, matano au sita, ataatamia kama wiki mbili, makinda yatatoka kiotani baada ya wiki tatu hivi, na kabla hayajajitegemea sawasawa mama ameshataga tena. Na katika kujenga hana mipaka. Atachomoa nyasi kwenye kiota cha jirani, na asipopata nyasi atachomoa manyoya mgongoni mwa jirani mwenyewe. Nimeona Gouldian wenye upara nyuma ya shingo, mwenye nyumba akidhani ni utitiri, kumbe ni zebra anatafuta vifaa vya kutandikia. Atajenga juu ya mayai ya mwenzake, ayafukie, aweke yake juu. Jozi ya Gouldian, ambao ni wapole na wana haya, wataacha mayai yao wakae kwenye kijiti.

Dawa yake ni ndogo na watu hawaitaki: ondoa viota. Vyote. Kama hukusudii kuzalisha, tundu la mchanganyiko lisiwe na kiota hata kimoja, wala nyasi za kujengea. Finchi wa aina hizi hulala vizuri kwenye vijiti. Mtu huniambia, lakini watasikia baridi. Hapa kwetu pwani? Hawatasikia. Na chunga vyombo vya mbegu vyenye kina, kwa sababu zebra aliyekusudia kutaga atataga hata humo. Mimi natumia visahani bapa.

Ukitaka kuzalisha, zalisha kila jozi kwenye tundu lake. Najua nafasi ni tatizo, najua gharama. Lakini kuzalisha aina tatu kwa pamoja kwenye tundu la sebuleni ni kutafuta hasara. Mwenye banda kubwa la nje, lile la kuingia mtu, huyo tunaweza kuzungumza naye lugha nyingine.

Kisha yupo finchi aitwaye Bengalese. Huyu hana pori lake popote duniani. Ametokana na ndege wa Asia mwenye kiuno cheupe, akafugwa Japani tangu karne ya 18 mpaka akawa ndege mpya. Ni mpole kuliko finchi wote ninaowajua. Mkiwa na wasiwasi wa kuanza kuchanganya, anzeni na huyu. Udhaifu wake ni kupenda watu, kama naweza kusema hivyo. Wanalala wote kiota kimoja, wamelundikana, na wakiona kiota cha jirani kina joto wanaingia kumtembelea, wanakanyaga mayai, wanasukuma makinda. Hana ubaya moyoni, ila hasara ni ileile.

Bengalese pia ndiye mlezi maarufu. Wafugaji wengi huchukua mayai ya Gouldian wakayaweka chini yake, naye anayaatamia na kulisha makinda kama yake. Hapa naomba mnisikilize kwa makini. Mwanasayansi Mjerumani Klaus Immelmann alilea makinda ya zebra chini ya Bengalese. Madume yale yalipokomaa na kupewa nafasi ya kuchagua, yaliwaimbia majike wa Bengalese, yakawaacha majike wa aina yao. Na wimbo waliouimba ulikuwa wa baba mlezi. Finchi dume hujifunza wimbo akiwa mchanga, katika miezi mitatu ya kwanza hivi, kwa kumsikiliza dume aliye karibu. Kwa hiyo kinda anayekua kwenye tundu la mchanganyiko anajifunza pia yeye ni nani. Ukimkosesha kusikia na kuwaona wa aina yake katika wiki zile, unaweza kuuza dume mzuri kabisa wa rangi ambaye hatamtaka jike wake maisha yake yote. Kwangu hilo ni dhuluma kwa ndege, na ni dhuluma kwa aliyemnunua.

Linafuatana na suala la machotara. Bengalese huzaa na jamaa zake wa karibu, wakiwemo tongo. Zebra huzaa na ndugu yake wa Australia mwenye uso kama wa bundi. Wapo wanaofurahia machotara. Mimi sipendi, kwa sababu wengi wao ni tasa, na kwa sababu kwenye nchi kama zetu, ambako damu safi ya Gouldian au ya finchi wengine wa mbali ni chache, kila msimu uliopotea kwa chotara ni msimu ambao aina haikuongezeka. Wanaokaribiana kwa nasaba wasikae pamoja.

Wale wakubwa nitawapitia haraka. Shomoro wa Java, ambaye ndugu zetu wa Unguja na Pemba mnamjua kwa sababu aliletwa akazaliana huko visiwani, ni ndege mzuri mno, na kwao Indonesia amewindwa kwa biashara ya matundu mpaka sasa yumo kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Lakini ana sentimita 15 na zaidi na mdomo wa kuvunja punje ya mpunga. Mguu wa mshigi ni mwembamba kama njiti. Msiwaweke pamoja. Vilevile yule wa nyika zetu ambaye dume lake lina mstari mwekundu shingoni kama amechinjwa. Porini huyu huingia kwenye viota vilivyoachwa na kina mnana, na tunduni tabia ya kuingia viota vya wengine haimtoki.

Sasa nizungumze juu ya ndege wa kwetu, na hapa nasema kwa uzito. Ndege wa porini hakamatwi akatiwa tunduni kwa sababu tu amepita uani kwako. Tanzania ina Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, Kenya ina yake ya 2013, na zote mbili zinataka kibali. Miaka mingi mishigi na wale wa buluu walipakiwa kwa maelfu kupelekwa Ulaya. Ulaya ilifunga mlango mwaka 2005 kwa hofu ya mafua ya ndege, na kufikia 2007 ikaufunga moja kwa moja kwa ndege wa kukamatwa porini. Tanzania nayo ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Achilieni mbali sheria. Ndege hawa wakikamatwa hufa. Wanahitaji wadudu, hasa wakiwa na makinda, na mtu anawapa uwele mkavu peke yake. Wanaingiwa na hofu, wanajigonga. Ukimtaka ndege wa kwetu, mtafute aliyezaliwa tunduni, kwa mfugaji mwenye karatasi zake, na umlishe kumbikumbi na mchwa wadogo pamoja na mbegu.

Kwa wanaopenda kutazama tu, nendeni mkawatazame porini. Wale wa buluu wenye kofia ya buluu, walioko nyika kavu za Kenya na Tanzania, dume na jike hucheza wameshika majani mdomoni, na mwaka 2015 watafiti waliowapiga picha kwa kamera ya kasi waligundua kwamba katika kuruka kule wanapigisha miguu kwenye kijiti kwa kasi ambayo jicho letu haliwezi kuiona. Tumeishi nao karne ngapi, na hatukujua.

Na fumbwe, yule dume mwenye mkia mrefu mweusi na mdomo mwekundu, naomba asiwemo kwenye tundu lolote la mchanganyiko. Jike lake halijengi. Linataga kwenye kiota cha mshigi, mshigi analea. Na dume wakati wa mkia wake hawezi kutulia. Anaelea hewani juu ya kila ndege aliyemo, awe wa aina gani, siku nzima. Kwa ndege wadogo hiyo ni adhabu.

Turudi kwenye lile swali la aliyeshindwa atakwenda wapi. Tundu la finchi liwe refu kuliko kwenda juu. Hawa si kasuku wa kupanda waya. Wanaruka kwa kwenda mbele. Jozi moja isikae kwenye urefu chini ya sentimita 75, na ukitaka aina tatu, mimi sishauri chini ya mita mbili. Weka matawi yenye majani upande mmoja na upande mwingine, katikati pawe wazi. Majani yale ndiyo makimbilio: ndege asiyeonekana hafukuzwi. Vijiti vya juu viwe vingi na vyote viwe kimo kimoja, kwa sababu wote wanataka kulala juu, na kijiti kimoja kikiwa juu kuliko vingine umetengeneza kiti cha enzi cha kupigania. Vyombo vya mbegu viwe viwili au vitatu, mbalimbali, ili mbabe asiweze kuvilinda vyote. Ule mfupa mweupe wa ngisi unaookotwa ufukweni, uoshe, uanike, uutundike pande zote mbili. Majike wakikosa chokaa hukwama na yai wakafa. Tundu lisikae jikoni wala karibu na jiko la mkaa, na moshi wa kikaango kisichoshika chakula kikiungua huua ndege kwa dakika chache. Parachichi ni sumu kwao.

Kuhusu idadi: jozi mbili za zebra ni mbaya kuliko moja, na ni mbaya kuliko nne, kwa kuwa kwenye jozi mbili hasira yote inamwangukia mmoja.

Naona mama pale nyuma ameinua mkono tangu mwanzo. Anauliza kuhusu kanari, kama anaweza kukaa na finchi. Mama, kanari ni wa ukoo mwingine kabisa, hawatazaliana na zebra wala Gouldian, na kwa hilo hakuna hofu. Tatizo lipo pande mbili. Kanari dume akiwa kwenye wimbo ni mkali, na zebra naye atamchomoa manyoya yale marefu. Kwenye banda kubwa inawezekana. Kwenye tundu la ukutani, hapana.

Na kijana huyu hapa mbele anauliza: tundu langu tayari lina ndege watulivu, nimenunua wengine, nawaingizaje? Kwanza wakae peke yao chumba kingine siku 30 angalau. Gouldian na kanari hubeba utitiri wa njia ya hewa, na usiku ukitulia utasikia ndege anapumua kwa mlio mdogo wa kugonga. Huyo asiingie mpaka atibiwe. Siku ya kuwaunganisha, usiwatie wageni kwa wenyeji. Watoe wenyeji wote, badilisha vijiti na matawi, hamisha vyombo, kisha waingize wote kwa pamoja asubuhi mapema, ili hakuna anayesema hapa ni kwangu. Siku hiyo usiende popote. Kaa kwenye kiti mbali kidogo, na mtazame yule anayekaa peke yake. Kama jioni bado anafukuzwa kwenye kila chombo, mtoe usiku uleule.